Kominike moja, milango mitatu: namna ya kupanga programu ndogo ya redio

Kominike moja inaweza kupita njia tatu: mtangazaji anaisoma studio, inatumwa kwa mesaje ya telefone, tena inawekwa kwa intaneti. Ukiiandika mara tatu kwa mkono, ndipo hatari iko. Kominike ya chanjo inasema tarehe 12 kwa karatasi ya studio, 13 kwa mesaje. Mama anatoka kijijini na mtoto mgongoni, anafika siku ambayo siyo.

Wenye kutengeneza programu wana dawa ya zamani: kupanga kazi kwa tabaka. La kwanza linapokea habari, la katikati linaishika na kuichunguza, la mwisho linaitoa inje. Siri iko katikati: pale hapatakiwi kujulikana kama habari inakwenda studio ao kwa telefone.

Kwa hiyo katikati usiweke sentensi iliyokwisha kuandikwa. Weka vipande: nani anatangaza, jambo gani, tarehe, saa, mahali, bei, aina ya feza. Bei ni 2500, feza ni franka za Kongo, basi. Mlango wa studio utaandika "elfu mbili na mia tano", ili mtangazaji asikwame hewani. Ule wa intaneti utaacha tarakimu.

Mlango wa mesaje ndio unasumbua. Mesaje moja inabeba herufi 160. Lakini alfabeti ya kawaida ya mesaje inajua é, haijui ô. Ukiandika "Hôpital" na kofia yake, mesaje nzima inabadilisha mfumo, inabaki na nafasi ya herufi 70 tu. Kominike ya herufi 150 inagawanyika mesaje tatu, na kila moja ina bei yake. Kofia moja hiyo! Itolewe pale mlangoni, siyo katikati, kwani intaneti inahitaji jina lililoandikwa sawasawa.

Programu ya bure Pandoc imejengwa hivyo. John MacFarlane, mwalimu wa filozofia kwenye chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, aliianzisha mwaka 2006. Inasoma maandishi ya aina nyingi, inayageuza umbo moja la ndani, kisha inayatoa kwa aina nyingine. Piga hesabu: aina 5 za kuingia na 6 za kutoka, ukiunganisha kila moja na kila moja, ni njia 30 za kutengeneza. Ukipitisha zote katikati, ni vipande 11. Lakini kile umbo la ndani halina nafasi yake, kinapotea. Kama katikati hakuna nafasi ya saa, hakuna mlango utaweza kuitaja.

Usianze na milango kumi. Anza na miwili: wa mesaje, na mwingine wa kuonyesha kwa ekrani tu, ujaribu bila kulipia hata mesaje moja. Siku utaongeza wa tatu, tazama kama umelazimika kugusa tabaka la katikati. Kama ndiyo, kuna kazi ya mlango iliyoingia ndani; itafute, uirudishe mlangoni.