Kilometa moja na nusu ya uzi ndani ya tangi

Chukua tangi la maji la plastiki, lile la urefu wa mita mbili na upana wa mita moja. Tafuta na uzi wa unene wa milimita mbili, urefu kilometa moja na nusu na ushei, kisha uusokomeze wote humo. Tangi lenyewe tayari limejaa vitu vingine. Uzi usipige fundo, sehemu yake yoyote ipatikane pale inapotakiwa, na mambo yakienda vizuri, kila baada ya dakika 20 tangi ligawanyike mawili, kila moja na uzi wake mzima.

Huyo ni Escherichia coli, mkazi wa utumbo wetu, akikuzwa mara milioni moja. Kromosomu yake ni duara moja la DNA lenye herufi milioni 4.6, na hana kiini cha kulihifadhi.

Mwaka 1991, maabara ya Sota Hiraga huko Japani ilieleza jeni iitwayo mukB. Jina hilo latokana na neno la Kijapani mukaku, yaani "bila kiini". Utani kidogo, kwa kuwa bakteria hana kiini hata akiwa mzima wa afya. Jeni hiyo ikiharibika, seli huendelea kugawanyika, ila baadhi ya watoto huzaliwa watupu: ukuta upo, kromosomu haimo. Katika nyuzi joto 22 ukoo huo hujikongoja. Katika 37, joto la mwili wetu, haustawi.

Protini ya MukB haifanyi kazi peke yake. Molekuli zake mbili huungana kama koleo lenye mikono mirefu, ambayo ndani ya tangi letu ingefika sentimita tano hivi, na MukE na MukF hulifunga kwa chini. Shika kamba ya kiatu katikati, uivute kupitia tundu moja: kitanzi hutokea, na kadiri unavyovuta ndivyo kinavyorefuka. Koleo hili hufanya vivyo hivyo kwa DNA, likilipia kila mvuto kwa ATP, sarafu ya nishati ya seli. Ndugu zake, kondensini, wamo hata kwenye seli zetu.

Kazi hiyo huonekana waziwazi zaidi kwa Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni. Karibu na mahali kromosomu inapoanza kunakiliwa pana vituo viitwavyo parS. Hapo protini ya ParB huizunguka DNA kama bangili na kuteleza juu yake; mwaka 2019 ilibainika kwamba bangili hiyo hufungwa kwa msaada wa CTP, molekuli ndugu ya ATP. ParB ndiyo humpokea ndugu wa MukB, naye hushuka akiziunganisha mbavu mbili za duara kama zipu, takriban herufi 50,000 kwa dakika. Hesabu mwenyewe: nusu ya kromosomu ni herufi milioni 2.1, kwa hiyo safari nzima ni kama dakika 40.

Lakini kuvuta vitanzi hakuondoi msokoto, na nakala mbili mpya hubaki zimepitana kama pete za mnyororo. Ndipo MukB hushirikiana na topoisomerasi ya nne, kimeng'enya kinachoikata DNA, kikapitisha uzi wa pili kwenye mwanya, kisha kikaunga. Siprofloksasini, dawa tunayoandikiwa kwa taifodi na UTI, hukinasa kimeng'enya hicho pamoja na nduguye girasi katikati ya kazi: kisu kimeshapita, gundi bado.