Kundi la waume wapigaji: nani aulizwe kama wamebadilika?

Mara nyingi mume anayempiga mkewe si mgomvi kazini. Bosi akimfokea, hunyamaza. Ndiyo maana Ellen Pence na wenzake, walioanzisha programu ya Duluth huko Minnesota, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakutafuta dawa ya hasira. Waliona tatizo ni kutawala: kushika fedha zote, kumtenga mke na ndugu zake, kumtishia kuhusu watoto. Kipigo huja kukazia hayo.

Katika programu za namna hii, mahakama humpeleka mkosaji kundini kwa wiki 26 hivi. Mmoja anasimulia alichofanya, wengine wanamhoji. Akisema “alinichokoza,” mwezeshaji anamrudisha: wewe ulifanya nini, na ulitaka upate nini? Wenzake wanavijua visingizio hivyo, maana nao wamevitumia. Lakini mwezeshaji akiwa legelege, kikao hugeuka cha kupeana pole.

Je, inasaidia? Katika kaunti ya Broward, Florida, wanaume 404 waligawanywa kwa kura: wengine kundini, wengine uangalizi wa mahakama tu. Matokeo ya mwaka 2000 hayakuonyesha tofauti ya maana. Uchambuzi wa tafiti 22 uliotoka 2004 nao ulikuta faida ndogo.

Uingereza waliwauliza wanawake wenyewe. Katika utafiti wa Mirabal wa 2015, asilimia 87 walisema walikuwa wakizabwa vibao, kusukumwa au kurushiwa vitu kabla ya programu. Mwaka mmoja baadaye ni 7. Huko wanaume hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo tusizipokee namba hizo kichwakichwa. La kutazama zaidi ni kwamba kipigo kilishuka haraka kuliko tabia ya kumbana mke.

Rwanda hawakusubiri kesi ifike mahakamani. Programu ya Bandebereho iliwakusanya kina baba vijana, ambao hawakuletwa na mahakama, na vikao vingine walihudhuria na wake zao. Takriban miaka miwili baadaye, asilimia 33 ya wanawake waliripoti kupigwa, dhidi ya 57 kwa wasioshiriki.

Kwangu, swali la kwanza kwa programu yoyote ni hili: nani anazungumza na mke? Mtafiti Edward Gondolf alibaini kuwa wanawake waliokimbilia nyumba salama walielekea zaidi kurudi waume walipoanza ushauri. Mke hurudi kwa tumaini, wakati mume huenda akaacha vikao wiki ya tatu. Programu makini humpigia mke simu kando, na mume akitoroka, mke huambiwa siku hiyohiyo.