Fulusi: Neno la Warumi Mifukoni Mwetu

Sisi watu wa pwani tukisema "fulusi" twajua tumesema neno la Kiarabu. Lakini Waarabu nao walilipata kwa Warumi wa Mashariki, ambao sarafu yao ya shaba waliiita follis. Basi jina limesafiri mpaka kwetu. Je, na picha zilizokuwa juu ya sarafu hizo?

Kwa Warumi, sarafu ya shaba ilikuwa tarishi wa mfalme. Upande mmoja kichwa cha Kaisari. Upande wa pili habari aliyotaka raia waijue. Nero alichora bandari ya Ostia na vyombo vyake. Vespasian alichora mwanamke ameketi kwa huzuni chini ya mtende, kutangaza kwamba Uyahudi umeshindwa. Asiyejua kusoma naye alielewa.

Mwaka 77 Hijria, yaani 696 au 697, Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alitoa dinari isiyo na sura ya mtu, maandishi matupu. Desturi hiyo ikafika Kilwa. Sarafu za shaba za Sultani Ali bin al-Hasan zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili zasema kuwa amemtegemea Mola mwenye neema. Maneno ya pande zote mbili huishia kwa sauti moja, "Hasan" na "minan", kama vina vya shairi.

Nayawaza haya hapa Rhonda, Nakuru, ninapoishi, kila nirudishiwapo chenji dukani. Sarafu za Kenya za mwaka 1966 zilikuwa na kichwa cha Jomo Kenyatta. Katiba ya 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote katika fedha, na sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Kifaru huyo ni jirani yetu, yumo katika hifadhi ya Ziwa Nakuru. Kilwa ilifuata desturi ya Kiislamu, Kenya imefuata katiba. Lakini zote mbili zimekiacha kichwa cha Kaisari.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiokota ufukoni kipande cha shaba kilicholiwa na kutu, usikiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kipeleke makumbusho. Huenda kina jina la sultani, na shaba ikishayeyushwa haisomeki tena.