Unapunguza mwili? Usitupe maharagi

Mwaka jana alikuja kwangu dispansari fundi mmoja wa karakana, mtu mnene, mwenye kucheka. Mzani ulionyesha kilo 92, na urefu wake ni metre 1 na sentimetre 68. Presha yake ilikuwa imepanda. Nikamwambia maneno mawili tu: "Papa, punguza kula." Nikaandika katika kitabu, nikaita mwingine, kwa maana watu walikuwa wamejaa mlangoni.

Baada ya majuma sita alirudi na kilo 83. Alifurahi sana, akanionyesha mkanda wake ulivyotobolewa matundu mapya mawili. Mimi pia nilifurahi, mpaka nilipomwambia anishike mkono na kukaza. Mkono ule, uliozoea kufungua boloti kubwa za mitambo, ulikuwa dhaifu kama wa mtu aliyetoka kitandani kwa malaria. Akanieleza ya kama siku tatu nyuma alishikwa na kizunguzungu juu ya ngazi ya mtambo wa kusaga mawe, mguu ukateleza. Mkanda wa usalama ndio uliomshika.

Nikamwuliza: "Unakula nini, Papa?" Asubuhi chai yenye sukari nyingi, "ili nipate nguvu, Muganga." Saa sita, hapana kitu. Jioni bugali na sombe kidogo. Maharagi aliyaacha kwa sababu yanajaza tumbo. Mayai aliyaacha kwa sababu jirani alimwambia yananenepesha. Samaki aliwaachia watoto. Basi, alitupa vyakula vyote vya kujenga mwili, akabaki na bugali na sukari. Nilimwambia apunguze, lakini sikumwambia apunguze nini. Kosa lile lilikuwa langu, na ndiyo sababu leo naandika habari hii kwa ajili yako, ndugu mfanyakazi, na kwa ajili yako, mama wa nyumba unayemfungia chakula chake cha kazini.

Sikia namna mwili unavyofanya. Mtu akila kidogo kuliko anavyotumia, mwili hutafuta akiba yake. Akiba ya kwanza ni mafuta, na hayo ndiyo tunayotaka yaondoke. Lakini kama chakula chenye protini hakiingii, mwili hula pia nyama yake wenyewe, yaani misuli ya mikono, ya mapaja na ya mgongo. Ni kama nyumba iliyoishiwa makala: kwanza wanachoma kuni zilizobaki uani, halafu kiti, halafu mlango. Mzani hauwezi kukuambia kama umepoteza mafuta au mlango wa nyumba. Unaonyesha kilo tu.

Sasa utauliza, protini kiasi gani? Kwa mtu mzima mwenye afya, hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni karibu gramu 0.83 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 80 anahitaji basi gramu 66 hivi. Lakini yule anayepunguza uzito huku akifanya kazi ya kuinua na kupanda anafaa kuongeza, afike karibu gramu 1.2 kwa kilo, maana yake gramu 95 hivi kwa mtu yule yule. Ndiyo, kula kidogo zaidi, lakini protini zaidi. Watu wengi hapa ndipo wanapopotea.

Bugali wa muhogo hautakufikisha huko. Gramu mia moja za unga wa muhogo zina protini isiyofika gramu 2. Unga wa mahindi una gramu 8 hivi. Maharagi makavu yana zaidi ya 20, kalanga 25, na soya inapita 35. Tumbo lililojaa bugali linanyamaza, lakini misuli haikupata kitu.

Sisi wa Bukavu hatuhitaji mtu wa mbali atufundishe jambo hili, kwa maana tunaijua bwaki. Huko Lwiro, katika kituo cha utafiti kilichojengwa wakati wa Wabelgiji, waganga waliichunguza miaka mingi. Na mjini hapa, katika miaka ya 1960, watu waliunda Comité Anti-Bwaki ili kupigana nayo. Mtoto wa bwaki mara nyingi anaonekana mnene: mashavu yamejaa, miguu imevimba. Mgeni anaweza kusema anakula vizuri. Kumbe uvimbe ule ni maji, na chini yake misuli imekwisha. Mtu mzima mwenye tumbo kubwa hapati bwaki namna ile, lakini naye unene wake si ushahidi kwamba protini inatosha.

Tena kuna sumu ya muhogo mchungu. Mwili huiondoa sumu hiyo kwa kutumia sehemu fulani ya protini. Mwaka 2011 waganga waliandika juu ya wagonjwa wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, huko Burhinyi katika Mwenga. Konzo inakuja pahali watu wanapokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, na hawana chakula cha protini pembeni. Mtu anayejinyima kila kitu isipokuwa bugali anajisogeza upande huo bila kujua.

Tuje sasa kwenye mfuko wako wa kazini. Watu wengi wanajaribu kumaliza protini yote kwa sahani moja ya jioni, na hiyo haifai kwa mtu wa zamu. Gawanya. Kula kidogo saa nne, kidogo saa sita, kidogo saa kumi, nawe hutaingia kwenye maandazi ya mlangoni kwa sababu ya njaa.

Mimi naweka sambaza mbele ya vyote. Samaki hawa wadogo waliletwa katika ziwa letu la Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na leo ukipita soko la Kadutu au Nyawera utawakuta. Kiganja kimoja cha sambaza wakavu, gramu 30 hivi, kinatoa karibu gramu 18 za protini, na mifupa yao unaitafuna pamoja, nayo ni chokaa ya mifupa yako. Wakaange bila mafuta, kwenye sufuria kavu, uwatie katika kikopo chenye kifuniko. Kifuniko ni cha lazima kama unapanda gari la kampuni pamoja na wengine. Ndagala wa Uvira ni sawasawa. Makayabu, hapana, kama una presha: chumvi yake ni nyingi, na hata ukiiloweka haitoki yote.

Yai moja la kuchemsha lina gramu 6. Mayai mawili mfukoni hayaharibiki mpaka saa sita, na hayahitaji sahani. Sahani ya maharagi yaliyochemshwa inakupa gramu 20 hivi, na tumbo linashiba mpaka jioni. Kuhusu gesi, yaloweke usiku kucha, umwage maji, uyachemshe kwa maji mapya. Na kalanga? Kalanga ni nzuri, lakini hapa uwe na akili: nusu yake karibu yote ni mafuta. Kiganja kimoja ni chakula, kopo zima ni bugali mwingine. Zenye ukungu au zilizogeuka rangi utupe, usizikaange kwa kuzificha, kwa maana sumu ya ukungu haiogopi moto wa jikoni na inaharibu ini.

Upande wa vinywaji, vijana wananiuliza juu ya unga wa kopo, ule wenye picha ya mtu mwenye misuli. Mara nyingi ni protini iliyotolewa katika maziwa, ikakaushwa, ikatiwa ladha. Kijiko chake kikubwa kinatoa gramu 20 au 25. Sisemi ni sumu. Nasema mayai mawili na kikombe cha maziwa vinafika pale pale, tena unajua kuku wako alikula nini, lakini la kopo lililofunguliwa na kujazwa tena hulijui.

Kinywaji chetu ni maziwa ya soya. Chukua soya kavu gramu 125 kwa lita moja ya maji. Iloweke usiku, asubuhi isugue mpaka maganda yatoke, isage au itwange, uchanganye na maji, uchuje kwa kitambaa safi. Halafu ichemshe dakika 20 huku ukikoroga, kwa maana inafurika haraka kuliko maziwa ya ng'ombe. Usinywe soya mbichi hata siku moja: ndani yake mna kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na moto tu ndio unaokiondoa. Nusu lita ya maziwa hayo ni karibu gramu 15. Makapi usitupe, yanaingia vizuri katika sombe. Mashanza pia ni kinywaji kizuri, bila sukari. Na uji wa masoso, ambao jina lake limefungwa kwa vipande vya maneno ya Kifaransa ya mahindi, mtama na soya, si wa watoto peke yao. Wanaume wengi wanaona haya kuunywa mbele ya wenzao. Wanywe nyumbani.

Hesabu sasa siku ya mtu wa kilo 80: asubuhi masoso na mayai mawili, 18, saa nne sambaza, 18, saa sita maharagi, 20, saa kumi nusu lita ya soya, 15, jioni kipande cha samaki, 20, na sombe, na bugali mdogo wa ukubwa wa ngumi. Jumla ni 91, na majani ya sombe yanaongeza kidogo. Hakuna kopo hata moja. Vilivyopungua ni bugali, mafuta ya kukaangia, sukari ya chai, na chupa ya bia: chupa kubwa moja inakaribia kalori 300, nayo haijengi msuli wowote.

Mama mmoja aliniambia: "Muganga, mayai ni ya watoto. Nikimpa baba mawili kila asubuhi, wadogo watakula nini?" Swali hili ni la haki, na sitaki mtu atumie ukurasa huu kumnyang'anya mtoto. Mtoto wa chini ya miaka mitano ndiye wa kwanza katika yai na katika maziwa. Baba achukue maharagi na soya, ambavyo ni vya bei ndogo zaidi, na franga za bia zinazobaki mfukoni zinunue sambaza wa nyumba nzima. Wengine wanafuga simbilisi jikoni. Nyama yao kidogo inasaidia kuliko tunavyofikiri.

Wapo wasiofaa kuanza peke yao. Kama unakunywa vidonge vya ugonjwa wa sukari, usiruke chakula hata kimoja kabla hatujaonana: sukari inaweza kuanguka ukiwa kwenye usukani. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila ruhusa. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha asipunguze mwili wakati huo. Na wewe uliye mzima, nusu kilo kwa juma inatosha, kilo moja ni mwisho. Ukisikia kizunguzungu juu ya ngazi, shuka, umwambie kapita wako. Usingoje mkanda ukushike.

Yule fundi sasa ana kilo 80. Zile tatu za mwisho zilimchukua miezi miwili na nusu, naye alinung'unika kwamba njia ya kwanza ilikuwa ya haraka. Lakini mkono wake umerudi. Juzi alinikaza mpaka nikaomba anisamehe. Wenzake katika gari bado wanalalamikia harufu ya sambaza.

Mzani uko wazi kila Jumatano, mwisho wa zamu ya asubuhi. Njoo na kikopo chako, tutahesabu pamoja kilichomo. Safari hii sitaita mwingine kabla hatujamaliza.