Haki zako zapatikana bure, mbona huzisomi?

JE, mpenzi msomaji, mwanao akikamatwa na polisi Ijumaa jioni, unajua atafikishwa mahakamani lini? Usikimbilie kujibu. Mama mmoja, jirani yangu mtaani, naye alidhani anajua.

Mwanawe wa miaka 17 alinaswa katika msako akitoka kutazama kandanda. Jumamosi asubuhi mama alifika kituoni na chupa ya chai, akaambiwa arudi Jumatatu. Hakuelezwa kosa la kijana, naye aliogopa kuuliza. Akarudi nyumbani, akaanza kuwapigia jamaa simu akitafuta pesa ambazo hata yeye hakujua ni za nini.

Aliyemfungua macho ni bintiye wa kidato cha tatu. Msichana huyo alikuwa na Katiba ndani ya simu, aliyokuwa ameipata bila malipo kwa ajili ya masomo yake. Usiku huo mama na mwana waliketi mezani wakaisoma Sura ya Nne, ile inayohusu haki na uhuru wetu.

Kifungu cha 49 kiliwaambia kuwa aliyekamatwa ni lazima aelezwe upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Ana haki ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine anayeweza kumsaidia. Yapasa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Hata hivyo, saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, muda husogezwa hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kumbe ile Jumatatu haikuwa uongo!

Lakini kifungu hicho hicho kinasema mshukiwa ana haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Na Kifungu cha 53 kinasema mtoto, yaani yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, asizuiliwe ila njia nyingine zikishindikana, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atengwe na watu wazima.

Jumapili mama alirudi kituoni. Safari hii hakulia.

"Afande," alimwambia askari wa zamu kwa upole, "mwanangu ana miaka 17. Cheti chake cha kuzaliwa ni hiki. Amelala na akina nani, na amekosa nini?"

Askari alikitazama cheti kwa muda, akamwita mkubwa wake. Kabla ya magharibi kijana alikuwa nyumbani kwa bondi, bila mama kutoa hata ndururu.

Sikuambii kwamba kila mlango wa seli hufunguka kwa kusoma vifungu. Wapo wanaozijua haki zao na bado hukanyagwa. Lakini asiyezijua hana hata swali la kuuliza, na mtu asiyeuliza ni rahisi kuzungushwa.

La kushangaza ni kwamba elimu hii haiuzwi. Katiba ya 2010 imetafsiriwa kwa Kiswahili. Sheria za nchi na hukumu za mahakama husomwa bure katika tovuti ya Kenya Law. Usipokuwa na simu ya kisasa, jaribu maktaba ya umma iliyo karibu nawe. Nayo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu hupokea malalamishi ya wananchi.

Ukitaka kujua mizizi ya haki hizi, soma Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa jijini Paris mnamo Desemba 10, 1948. Lina vifungu 30 pekee, na limetafsiriwa katika lugha zaidi ya 500, Kiswahili kikiwemo. Kifungu chake cha 26 chasema elimu ni haki ya kila mtu, na kwamba elimu hiyo yapasa kukuza heshima kwa haki za binadamu. Kwa hivyo kujifunza haki zako nako ni haki yako.

Utaanzaje? Usijaribu kumeza Katiba nzima kwa siku moja. Chagueni kifungu kimoja kila wiki. Mtoto asome kwa sauti, kisha kila mmoja aeleze alivyoelewa kwa maneno yake. Nanyi wanafunzi, msikariri kwa ajili ya mtihani tu. Ulizaneni kifungu hicho kingemsaidia vipi utingo wa matatu, mama mboga au yaya wa jirani.

Jihadhari pia na jumbe zinazosambazwa kwa simu zikidai kunukuu sheria. Kabla ya kuziamini, fungua Katiba yenyewe uone kama maneno hayo yamo. Na kumbuka kwamba haki nyingi zina mipaka. Jirani yako naye anazo.

Jirani yangu sasa ana daftari dogo jikoni, kando ya kopo la majani ya chai. Ndani yake ameandika kwa mkono Kifungu cha 49, neno kwa neno. Wewe je, lako utaanza kuliandika lini? Leo ni Jumapili, na familia iko nyumbani.