Guangzhou: Hisabati za mashindano na swali la 'kwa nini'

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh huufahamu mji wa Guangzhou, kusini mwa China, kwa makontena ya nguo, simu na vipuri. Lakini Jumapili moja ya mwezi Septemba kila mwaka, baadhi ya vijana wa mji huo huamka mapema kwa shughuli isiyohusu biashara. Huketi kufanya mashindano ya hisabati ya shule za sekondari ya juu ya China nzima, yaliyoanzishwa mwaka 1981.

Mashindano hayo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni ya dakika 80 na alama 120, na maswali yake hayako mbali sana na yale ya darasani. Ya pili ina alama 180 na maswali manne tu, ya maumbo bapa, aljebra, nadharia ya namba, na njia za kupanga na kuhesabu. Muda wake ni dakika 170, yaani zaidi ya dakika 40 kwa kila swali.

Ni swali la namna gani linaloweza kumshughulisha kijana hodari kwa muda wote huo?

Uthibitisho, si jibu tupu

Tuchukue mfano mmoja maarufu, uliotolewa katika mashindano ya Hungary mwaka 1947. Watu sita wamekutana dukani. Thibitisha kwamba miongoni mwao lazima wawemo watatu ambao wote wanafahamiana, au watatu ambao hakuna hata mmoja anayemfahamu mwenzake.

Watu sita wana jozi 15, na kila jozi ama wanafahamiana ama hawafahamiani. Kwa hiyo hali zinazowezekana ni 32,768. Mwanafunzi aliyezoea kukokotoa tu angeweza kuanza kuzipitia moja moja, na siku ingekwisha kabla hajafika popote.

Aliyefunzwa kufikiri huanza na mtu mmoja. Tumwite Asha. Wamebaki watano, na kila mmoja wao ama anafahamiana na Asha ama hafahamiani naye. Watano wakigawanywa katika mafungu mawili, fungu moja halina budi kuwa na watu wasiopungua watatu. Tuseme watatu hao wanafahamiana na Asha. Ikiwa wawili kati yao wanafahamiana, basi wao pamoja na Asha ni watatu wanaofahamiana. Ikiwa hakuna wawili wanaofahamiana, basi hao watatu ni wageni wao kwa wao, na hilo nalo ndilo lililotakiwa. Kama fungu kubwa ni la wasiomfahamu Asha, hoja ni ile ile, ila maneno yamegeuzwa.

Hapa hapakuhitajika kanuni ya kukariri wala kikokotoo. Kilichohitajika ni kuona pa kuanzia, kisha kueleza kila hatua bila kuacha mwanya.

Mashindano ya Kimataifa ya Hisabati kwa wanafunzi wa sekondari, yaliyoanza Romania mwaka 1959, yanafuata desturi hiyo. Kila nchi hupeleka vijana wasiozidi sita. Hufanya maswali matatu kwa siku, kwa saa nne na nusu, siku mbili mfululizo. Kila swali lina pointi saba, na anayepata yote hufikisha 42.

Ngazi ya kupandia chuo kikuu

China iliingia katika mashindano hayo mwaka 1985 ikiwa na wanafunzi wawili tu, nao walirudi na medali moja ya shaba. Miaka minne baadaye ilishika nafasi ya kwanza, na mwaka 1990 Beijing ikawa mwenyeji. Tangu hapo imekuwa miongoni mwa mataifa yanayoongoza. Mwaka 2024 Marekani iliipita kwa pointi mbili, 192 kwa 190. Mwaka 2025 China ilirudi kileleni kwa pointi 231.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na gharama yake nyumbani. Kwa miaka mingi tuzo za mashindano zilimwongezea mwanafunzi alama katika mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, au kumwondolea kabisa haja ya kuufanya. Wazazi waliona ngazi na wakataka watoto wao waipande mapema. Watoto wa shule za msingi wakawa wanapelekwa masomo ya ziada jioni na mwisho wa wiki, wapende wasipende, na mzazi asiye na fedha akabaki anatazama.

Serikali ilianza kuipunguza ngazi hiyo. Kuanzia mwaka 2014, nafasi ya kuingia chuo bila mtihani ilibaki kwa wachache walioteuliwa katika vikosi vya mafunzo vya taifa, ambacho kwa hisabati ni cha vijana 60. Alama za nyongeza kwa tuzo zilizopatikana kuanzia mwaka 2015 ziliondolewa.

Mwezi Julai mwaka 2021 ilitangazwa sera ya kupunguza mizigo miwili: kazi za shule za kufanyia nyumbani na masomo ya ziada. Guangzhou ilikuwa mmojawapo wa miji tisa iliyochaguliwa kuijaribu. Kampuni za masomo ya ziada kwa watoto walio katika elimu ya lazima zilizuiwa kufanya biashara hiyo kwa faida, na masomo hayo yakapigwa marufuku siku za mapumziko na likizo.

Mashindano ya sekondari ya juu hayakufutwa. Kilichopingwa ni kuyageuza kuwa tiketi.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimewahi kupeleka timu katika mashindano ya kimataifa, ambayo yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2014, mjini Cape Town. Mashindano ya Hisabati ya Afrika nayo yalifanyika Nairobi mwaka 2018 na Kigali mwaka 2023.

Mara nyingi husemwa kwamba nchi zetu ziko nyuma kwa kukosa maabara na vifaa. Kwa somo hili sababu hiyo haitoshi. Swali la Asha na wenzake linaweza kuandikwa kwa chaki kwenye ubao wowote, Tandale au Turkana. Vilivyo adimu ni muda wa kulifikiria swali moja kwa saa nzima, na mwalimu atakayemuuliza mwanafunzi "kwa nini?" hata pale jibu lake lilipo sahihi. Darasa lenye wanafunzi wengi na muhtasari mrefu halimpi mwalimu nafasi hiyo kwa urahisi.

Guangzhou inaonyesha pande zote mbili. Swali zuri humfunza kijana kutoridhika mpaka ameelewa. Swali hilo hilo likigeuzwa kuwa njia ya kuwachuja watoto, huwachosha kabla hawajaonja utamu wake.

Msomaji anaweza kujipima mwenyewe. Tumeona kwamba watu sita wanatosha. Je, wakiwa watano? Wapange kuzunguka meza, kisha jiulize itakuwaje kila mmoja akiwafahamu majirani zake wawili tu.