Hudswell, kijiji cha Uingereza ambako wakaaji walijinunulia nganda yao

Mwaka 2008, katika Hudswell, kijiji kidogo cha kaskazini mwa Uingereza karibu na mji wa Richmond, nganda ya kijiji ilifunga mlango. Jina lake ni George and Dragon. Wakaaji, ambao ni mia chache tu, walibaki na nyumba nzuri za mawe na mashamba ya kondoo, lakini bila mahali pa kukutania.

Nganda kufungwa, shida iko wapi? Katika vijiji vya kule, nganda si ya kunywa bia tu. Familia zinakula pale, komite zinafanya mikutano, na anayetafuta fundi ao habari za mgonjwa anapita pale kwanza. Wakati wa baridi, giza inaingia mapema na kila mtu anajifungia kwake. Nganda ndiyo inakuwa sebule ya kijiji.

Zamani watu wengi wa vijiji hivi walifanya kazi ya shamba. Kisha mashine zikachukua nafasi yao. Leo wengi wanakwenda kazi mjini na motokari, na wakirudi wananunua chakula kwenye magazini kubwa. Butike ya kijiji inakosa wateja. Watu wa mjini wananunua nyumba za kupumzikia, bei inapanda, vijana wanahama. Mgeni anasifu utulivu, lakini mzee asiye na motokari anaweza kumaliza siku bila kuongea na mtu.

Watu wa Hudswell waliunda kooperative. Kila mmoja alinunua hisa kwa uwezo wake. Si kama likelemba, ambamo feza inazunguka na kila mtu anapata zamu: hapa feza inabaki ndani ya nyumba. Na kanuni ni hii: memba mmoja, kura moja, hata kama hisa zake ni nyingi. Kwa hiyo tajiri mmoja hawezi kuamua peke yake.

Mwaka 2010 nganda ilifunguliwa tena. Kooperative ndiyo mwenye nyumba, na anayeendesha nganda analipa kodi. Ndani waliweka maktaba na butike ndogo ambayo wakaaji wanashika zamu bila mshahara. Nyuma, watu wanalima mboga katika vipande vya ardhi. CAMRA, shirika la wapenzi wa bia ya kienyeji, liliichagua kuwa nganda bora ya Uingereza ya mwaka 2016.

Na chefu wa kijiji je? Kule hakuna chefu wa kurithi. Toka sheria ya 1894, vijiji vingi viko na baraza la parokia, ambalo si la padri: wajumbe wanachaguliwa na wakaaji na kwa kawaida hawapati mshahara. Linaangalia njia za miguu, makaburi, taa, na linaweza kudai kodi ndogo. Lakini haliwezi kumkataza mtu kuuza nyumba yake.

Ndiyo maana sheria nyingine ilipitishwa mwaka 2011. Iliwapa wakaaji haki ya kuomba nyumba yenye faida kwa wote iandikishwe: nganda, butike ao sale ya mikutano. Mwenyewe akitaka kuuza, na kikundi cha wakaaji kikijitokeza, kwa sheria hiyo alipaswa kungoja hadi miezi 6 ili watafute feza. Hata hivyo, sheria hiyo haikumlazimisha kuwauzia wao. Wakikosa feza, nyumba inakwenda kwa mwingine.

Kununua pia si mwisho wa kazi. Butike ya kujitolea inaishi kwa watu wanaokubali zamu, hata siku ya mvua. Wakichoka wote, mlango utafungwa tena, na safari hii hakutakuwa mwenye nyumba mwingine wa kulaumu.